Kuongezewa Damu, na Wale Ambao Miili Yao Huikataa



Jambo tutakalolieleza mwezi huu lahusu kila nyumba, ijapokuwa nyumba nyingi hazilifikiri mpaka siku linapobisha hodi. Nalo ni kuongezewa damu. Sisi tukaao Kibaha twaishi kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na bara, na haupiti muda mrefu ila husikia kwamba gari limepinduka na majeruhi wamekimbizwa Hospitali ya Tumbi. Wala si ajali peke yake. Mama aliyejifungua na damu ikakataa kusimama, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, kijana mwenye selimundu, mzee anayepasuliwa. Wote hao huweza kufika mahali ambapo baina ya uhai na mauti hakuna kitu ila chupa moja ya damu ya mtu mwingine.

Katika jambo hili tumeona watu wa namna mbili, na wote wawili twawaonea huruma. Wa kwanza ni yule aliyesikia kwamba fulani aliongezewa damu akavimba uso na kukosa pumzi, basi akaapa kuwa mtu wake hatatiwa damu hata iweje. Wa pili ni yule ambaye mtoto wake alipatwa na taabu hiyo kweli, akapona, kisha siku nyingine katika hospitali nyingine mzazi asimwambie daktari lolote, kwa haya au kwa kudhani kuwa madaktari hujua kila kitu. Wa kwanza aweza kumpoteza mgonjwa wake kwa kukosa damu, na wa pili aweza kumpoteza kwa damu yenyewe. Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya wote wawili.

SHERIA YASEMAJE

Kwanza tuondoe shaka ya dini, maana hiyo ndiyo huulizwa mbele ya nyingine zote. Damu iliyomwagika ni haramu kuliwa, na hilo lajulikana na kila mtoto wa chuo. Lakini aya zile zile zitajazo uharamu huo zimemtoa dhambini mtu aliyeshikwa na dharura pasipo kutaka kuasi. Juu ya msingi huo Mufti wa Misri alitoa fatwa mwaka 1959 ya kumruhusu mgonjwa mwenye haja kuongezewa damu. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah, likajuzisha mtu kumpa mwenziwe kile ambacho mwili hukirudisha wenyewe, kama damu na ngozi, maadamu mtoaji ni mwenye akili timamu na hadhuriki. Na likakataza viungo vya mwanadamu kufanywa bidhaa.

Kuna na swali jingine ambalo akina mama hutuuliza. Je, mtu akiongezewa damu ya mwanamke asiyemjua, huwa ndugu yake, kama wanyonyao ziwa moja? Wanachuoni wa Rabita waliokutana Makka mwaka 1989 walijibu kuwa sivyo. Uharamu wa kuoana waletwa na maziwa, hauletwi na damu. Basi kwa upande wa sheria hata mume aweza kumtolea damu mkewe na ndoa ikabaki kama ilivyokuwa. Ama kama damu yake yamfaa mgonjwa au haimfai, hilo ni la daktari kuamua.

CHUPA YA DAMU INA NINI NDANI

Damu tuionapo ni nyekundu tupu, lakini ikiachwa itulie hugawanyika. Chini hukaa chembe nyekundu, ambazo kazi yao ni kuchukua hewa safi mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Juu hubaki maji ya rangi ya manjano yaitwayo plazma. Katika maji hayo mna chumvi, mna protini za namna nyingi, na mna askari wa mwili, ambao siku hizi huitwa kingamwili.

Mwaka 1901 daktari wa Vienna, Karl Landsteiner, alionyesha kwamba damu za watu si za namna moja, na hiyo ndiyo asili ya makundi ya A, B na O tunayoyasikia. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kabla yake mtu kutiwa damu ya mwenziwe ilikuwa bahati nasibu. Wengine walipona, wengine walikufa, na hapana aliyejua sababu. Hapa kwetu Tanzania, Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004. Damu inayokusanywa hupimwa kundi lake, na hupimwa kama ina virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Kisha kabla mgonjwa hajatiwa, maabara huchanganya tone la damu hiyo na tone la damu ya mgonjwa, ionekane kama zapatana.

Vipimo hivi vimeokoa watu wengi mno, na mtu asithubutu kuvidharau. Lakini vyatazama zaidi chembe nyekundu na vijidudu. Havitazami kama mwili wa mgonjwa huyu waweza kuzivumilia protini zilizomo ndani ya yale maji ya manjano. Na hapo ndipo ilipo habari yetu.

MLINZI WA MILANGONI

Miongoni mwa kingamwili kuna moja ambayo wataalamu huiita imunoglobulini A. Sisi tutaiita kinga A kwa wepesi wa ulimi, wala isichanganywe na kundi A la damu, maana hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Mwaka 1959 Mbelgiji Joseph Heremans na wenzake walifaulu kuitenga peke yake, na mwaka 1961 tabibu wa Sweden, Lars Åke Hanson, akaonyesha jinsi ilivyo ndani ya maziwa ya mama. Kinga hii imewekwa milangoni mwa mwili: puani, mdomoni, kooni, kifuani na matumboni, ipate kuwazuia vijidudu kabla hawajaingia ndani. Mwili huifanya kila siku kwa wingi kuliko kinga nyingine zote zikijumlishwa. Dang'a, maziwa yale ya kwanza ya mzazi, imejaa kinga A. Basi wale wenye kuimwaga dang'a wakidhani ni uchafu humnyima mtoto silaha aliyoandaliwa na Muumba wake kabla hajafumbua macho.

Sasa, wako watu waliozaliwa hali hawana kinga A, au wanayo kidogo mno, ilhali kinga zao nyingine ni timamu. Wengi wao hawajui kamwe, kwa kuwa hawaugui kuliko wenzao. Kinga nyingine hushika zamu ya yule asiyekuwapo. Baadhi yao lakini husumbuliwa mara kwa mara na mafua, masikio, kifua au kuharisha, na baadhi huwa na pumu na mizio. Mara nyingine hali hii huonekana kwa watu kadhaa wa ukoo mmoja.

Hapa twaomba tusikilizwe vizuri. Maneno "upungufu wa kinga" yamezoeleka masikioni mwetu kwa ajili ya UKIMWI, hata daktari akiyatamka mbele ya jamaa, nyuso hubadilika na minong'ono huanza. UKIMWI huletwa na virusi ambavyo mtu huvipata kwa mwingine. Huu tunaousema sisi ni wa kuzaliwa nao, kama mtu alivyozaliwa na macho ya rangi hii au ile. Hauambukizi kwa kula pamoja, wala kwa ndoa, wala kwa njia yoyote. Si aibu ya nyumba, na si sababu ya kuvunja posa ya binti wa watu.

KWA NINI MWILI UKATAE

Tupige mfano. Chukua mtaa wenye sungusungu. Walinzi wawajua watu wote wa mtaa kwa sura na kwa mwendo. Yule waliyemwona tangu utotoni akipita saa nane za usiku hawamgusi, humwitikia salamu akaenda zake. Lakini akitokea mtu ambaye hawajapata kumwona hata siku moja, japo ni mwema na mkononi amebeba dawa ya mgonjwa, filimbi hupigwa, mtaa wote ukaamka na marungu, na katika purukushani ile huvunjika hata milango ya wenyewe.

Ndivyo ulivyo mwili. Mtu mwenye kinga A, askari wake wameizoea tangu utoto. Mtu asiyekuwa nayo kabisa, mwili wake waweza kuihesabu kinga A ya mwingine kuwa ni adui, ukatengeneza askari wa kuipiga. Na damu ya watu karibu wote ina kinga A ndani yake. Basi chupa inapoanza kuingia, filimbi hulia mwili mzima kwa mara moja. Mishipa hulegea na msukumo wa damu hushuka, njia za pumzi hubana, ngozi huwasha na kuvimba. Hali hiyo madaktari huiita mshtuko wa mzio, nayo yaweza kuua kwa dakika chache. Mwaka 1968 Girish Vyas na wenzake wawili huko Marekani waliandika katika jarida la Lancet habari za wagonjwa waliopatwa na mshtuko wa namna hii, wakaonyesha kwamba katika damu zao mlikuwa na askari wa kuipiga kinga A. Tangu hapo jambo hili likawa mlango maalumu katika elimu ya damu.

Insafu yatutaka tuongeze neno. Si kila asiye na kinga A ana askari hao, na si kila mwenye askari hao hudhurika. Katika miaka ya karibuni wako wataalamu waliosema kwamba upungufu huu umebebeshwa lawama kuliko inavyostahiki, kwa kuwa zimo protini nyingine katika plazma ziwezazo kuleta mshtuko ule ule, na mara nyingi sababu haipatikani kabisa. Lakini kwa mgonjwa aliye kitandani na kwa jamaa waliomzunguka, dalili ni zile zile na wajibu ni ule ule.

NI WANGAPI

Wengine watasema haya ni maradhi ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Ni kweli kwamba hesabu nyingi za mwanzo zilitoka Ulaya, hasa nchi za kaskazini. Nchi hizo si ngeni kwetu, maana Denmark, Finland, Norway na Sweden ndizo zilizoshirikiana na Tanganyika mwaka 1963 kuanzisha hapa Kibaha mradi wa shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, ambao ulikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Katika watu wa asili ya Ulaya asiye na kinga A huwa kiasi cha mtu 1 katika 600. Huko Japani ni haba sana, kiasi cha 1 katika 18,000. Lakini uchunguzi wa mashariki ya Nigeria uliochapishwa mwaka 1988 ulipata 1 katika 252, na mwingine uliofanywa Bara Arabu ulipata 1 katika 143. Basi jambo hili halichagui ngozi wala bara.

Ama ule mshtuko mkali wenyewe ni nadra. Hukadiriwa kuwa hutokea mara 1 katika kila chupa 20,000 mpaka 50,000 zitiwazo. Mwenye akili aipime hesabu hiyo kwa mizani ya haki. Kwa upande mmoja kuna hatari inayoweza kumpata mtu mmoja katika maelfu mengi. Kwa upande wa pili kuna mama ambaye damu yamtoka sasa hivi, na asipoongezewa hatafika asubuhi. Anayekataa damu kwa kuogopa mshtuko ni kama mtu anayekataa kutoka katika nyumba inayoungua kwa kuhofia kujikwaa kizingitini.

BIBI ALIYESEMA

Kwa kuwa mshtuko ni nadra, na kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hajui kama hana kinga A, ngao ya kwanza ni habari. Tulisimuliwa na bibi mmoja, asili yake Kisarawe, ambaye mjukuu wake ni binti wa miaka tisa mwenye selimundu. Mara ya kwanza binti alipoongezewa damu, katika hospitali moja ya mbali, alivimba macho na kukosa pumzi. Wauguzi waliifunga damu, wakamtibu, akapona. Jamaa walirudi nyumbani wakimshukuru Mungu, lakini hapana karatasi waliyopewa wala waliyoiomba. Mwaka wa pili yake mtoto akapungukiwa tena na damu, wakaenda hospitali nyingine. Mama yake alinyamaza, akiogopa kuwa akisema daktari atakataa kumtibu mwanawe. Ndipo bibi alipojongea.

"Mwanangu daktari, nina neno."

"Shikamoo, bibi. Sema, nakusikiliza."

"Marahaba. Mtoto huyu damu ilimkataa mwaka jana. Ilipoingia kidogo tu akavimba macho, na pumzi akawa anaivuta kwa taabu."

"Ilikuwa baada ya muda gani? Na homa alikuwa nayo?"

"Homa hakuwa nayo. Na muda wenyewe, kikombe cha chai kisingekwisha kunywewa."

"Umefanya vyema kusema, bibi. Neno hili halimo katika karatasi zake."

Daktari hakukataa kumtibu. Kwa kuwa hali ya mtoto iliruhusu kungoja, aliagiza chembe nyekundu zilizooshwa, yaani zilizoondolewa plazma. Aliweka sindano ya dawa ya mshtuko tayari kando ya kitanda, na muuguzi akakaa hapo tangu tone la kwanza. Mtoto aliongezewa damu pole pole, wala hakupata dhara, akarudi nyumbani na chuoni. Alipotoka alipewa barua ya kwenda kupimwa zaidi. Kama lililomdhuru mara ya kwanza lilikuwa ni kinga A au protini nyingine, hayo ni ya vipimo kueleza. Lakini kilichomhifadhi siku ile ni ulimi wa bibi yake.

YAWAPASAYO JAMAA WA MGONJWA

Tumeyapanga mambo haya kwa nambari, yapate kushikwa kwa urahisi na kusomwa nyumbani kwa sauti.

Kwanza, kabla damu haijatiwa, msemeni kila kitu. Kama mgonjwa amewahi kuongezewa damu, wapi na lini. Kama alipata vipele, uvimbe, homa au taabu ya pumzi. Kama ana pumu au mzio wa dawa. Kama yuko katika ukoo wake mtu aliyeambiwa kuwa hana kinga fulani. Msingoje kuulizwa. Daktari aliyeamka usiku na majeruhi watano mbele yake aweza kusahau kuuliza, na neno lenu humkumbusha.

Pili, lihakikisheni jina. Balaa kubwa ya kuongezewa damu mara nyingi haitokani na kinga A, bali hutokana na mtu kutiwa damu iliyopimwa kwa ajili ya mwingine. Nasi majina yetu yafanana. Katika wodi moja hukosi kukuta Juma Salumu wawili au Fatuma Rajabu wawili. Muuguzi akija na chupa, semeni jina la mgonjwa, la baba yake na la babu yake, na umri wake, nanyi msione kuwa ni kumkosea adabu. Muuguzi mwema hufurahi.

Tatu, kaeni macho, hasa dakika 15 za kwanza. Mshtuko wa mzio aghalabu huanza mapema, pengine kabla hata kijiko kimoja cha damu hakijakwisha kuingia. Dalili zake ni mwasho na vipele vya ghafula, midomo au macho kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana na kulia, tumbo kukata, kutapika, jasho la baridi, kizunguzungu na kuzimia. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Mtazameni kama ahangaika au alegea kinyume cha alivyokuwa.

Nne, mkiona dalili hizo, mwiteni muuguzi pale pale, kwa sauti ya kusikika. Msiichomoe sindano wenyewe. Muuguzi ataifunga damu, na ule mshipa atauacha wazi kwa maji ya chumvi, kwa sababu ndio njia ya kupitishia dawa. Dawa kubwa ya mshtuko ni adrenalini, ambayo huchomwa katika nyama ya paja bila ya kuchelewa, pamoja na hewa ya oksijeni. Chupa ya damu isitupwe. Maabara yaihitaji ipate kuchunguza.

Tano, hata damu ikiisha kwa salama, endeleeni kumwangalia mgonjwa. Homa na kutetemeka, maumivu ya kiuno, mkojo wa rangi ya kahawa, au pumzi kuwa nzito baada ya saa kadhaa, hayo nayo hutaka daktari aambiwe, japo ni usiku wa manane.

Sita, mgonjwa akipatwa na lolote, ombeni liandikwe. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya kliniki na vyeti vya kuzaliwa, si chini ya godoro ambako panya huifikia. Kila hospitali mtakayokwenda ionyesheni kabla ya jambo jingine. Muulizeni daktari kama yafaa mgonjwa apimwe kinga A, maana kipimo kipo katika maabara kubwa. Mtoto wa chini ya miaka minne hahukumiwi kwa kipimo hicho peke yake, kwa kuwa kinga yake bado yakua. Na mgonjwa akionekana hana, ndugu zake wa baba na mama waambiwe nao.

HOSPITALI YAWEZA KUFANYA NINI

Mtu aliyejulikana kuwa mwili wake hukataa damu ya kawaida hakufungiwa mlango wa tiba. Chembe nyekundu zaweza kuoshwa kwa maji ya chumvi mara kadhaa mpaka plazma itoke. Lakini zikiisha kuoshwa hazikai, yafaa zitumiwe katika muda wa saa 24. Katika nchi zenye daftari kubwa za watoaji damu, hutafutwa mtoaji ambaye naye hana kinga A. Mtu mwenye upasuaji uliopangwa, daktari akiona anafaa, aweza kuwekewa damu yake mwenyewe kabla ya siku. Na ipo njia iliyo bora kuliko zote: kuzuia haja ya damu isifike. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema, ameze vidonge vya kuongeza damu alivyopewa, alale ndani ya chandarua. Mtoto wa homa asikawizwe nyumbani siku tatu kwa kufukizwa.

Lakini ikitokea dharura, na hapana wakati wa kuosha wala wa kutafuta, msimshike daktari mkono. Yeye atapima. Mgonjwa anayekaribia kufa kwa kuishiwa damu aweza kutiwa damu iliyopo, pole pole, na dawa ya mshtuko ikiwa mkononi. Hatari iliyoandaliwa dawa ni afadhali kuliko mauti yenye yakini.

NASI TULIO WAZIMA

Pengine msomaji kijana, mwenye afya na nguvu, atasema: haya ni ya wagonjwa, mimi yanihusu nini? Yakuhusu sana. Tumesema kwamba damu ya kuoshwa yataka muda, na kuchagua chupa inayofaa kwataka chupa nyingi za kuchagulia. Hospitali ambayo jokofu lake lina chupa mbili haina nafasi ya kuchagua. Itampa mgonjwa iliyopo au itamwacha. Tena damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Katika baridi yake hukaa siku 35 hivi, kisha hutupwa. Basi jokofu halijazwi mara moja likatosha. Lajazwa na watu wanaorudi tena na tena.

Mtoaji hutakiwa awe na umri wa miaka 18 mpaka 65, uzito usiopungua kilo 50, na damu ya kutosha mwilini mwake. Hutolewa chupa ya kiasi cha mililita 450, na mwili huirudisha. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Tarehe 14 Juni ya kila mwaka ulimwengu huiadhimisha kuwa siku ya watoaji damu, nayo ndiyo siku aliyozaliwa yule Landsteiner, mwaka 1868. Lakini haja ya mgonjwa haingoji Juni. Twawashauri wazee wa misikiti, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi na Kisarawe, waafikiane na wakusanyaji wa damu, ili vijana wetu watoe baada ya sala ya Ijumaa, si siku moja ya maadhimisho tu, bali kwa zamu ya mwaka mzima. Na kwa kuwa katika mwezi wa Ramadhani wafungaji hupunguza kutoa, yafaa tutoe kwa wingi katika Shaabani, na katika usiku baada ya futari pale daktari anaporuhusu.

Wala mtoaji asitake malipo, wala jamaa wa mgonjwa wasikubali kuuziwa. Damu si bidhaa. Mwenye kutoa hajui itamwingia nani. Pengine ni mtu wa dini nyingine na kabila jingine, pengine ni dereva aliyepita tu katika barabara yetu akielekea Mbeya. Aya ya 32 ya Suratul Maida yajulikana na wanafunzi wetu wote, na hatuoni mahali panapoifaa zaidi kuliko hapa.

Twawaomba wazazi wayasome haya mbele ya watoto wao, na mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua. Kisha mtu afungue sanduku la vyeti usiku huu huu, atazame: je, katika nyumba yake yuko aliyewahi kuongezewa damu? Alipatwa na lolote? Limeandikwa wapi? Kama halikuandikwa popote, na aliandike sasa, kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na mwaka na mahali, aiweke karatasi hiyo pajulikanapo na watu wote wa nyumba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira na uangalifu wanaowauguza, na awalipe kheri wanaotoa.

Wabillahi tawfiq.